Picha za Ukanda Mtupu

Chupa zilikuwa zinang'aa kupita kiasi. Zilitoka kwenye tanuri la kupozea zimepangana bega kwa bega, zikapanda ukanda, na jua la asubuhi lililoingia kwa madirisha ya juu likazivaa zote kwa pamoja, kila shingo na mwanga wake, kila tumbo na kivuli chake, mpaka ukumbi mzima wa kufungashia ukawa kama unatetemeka. Mtu mwingine angesema ni pambo. Dakika, aliyekuwa amesimama nyuma ya kioo cha ofisi ya ghorofani na kikombe cha chai iliyokwisha kupoa, aliziona akayaondoa macho, na bado hakujua ni kwa nini.

Hakuwa ametulia tangu juzi. Wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye walikuwa wakiishi nyumba moja, alimwambia jana mezani kwamba anakula kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Alikuwa anakaa, anainuka. Anafungua dirisha, analifunga. Anahama chumba hiki kwenda kile kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akiulizwa, husema ni uzinduzi. Na kweli uzinduzi ulikuwa leo mchana: wageni kutoka kampuni inayonunua chupa walikuwa wanakuja kuuona mtambo mpya, ule unaompiga picha kila mrembo wa kioo kabla hajaingia kreti. Sababu ilikuwa nzuri, tena ya kweli, na yeye aliishikilia kwa mikono miwili ili asije akatafuta nyingine.

Dakika halikuwa jina lake. Wafanyakazi ndio waliompachika, kwa kuwa hakuna kilichomuudhi kama dakika iliyopita bure, naye alijifanya kulichukia huku akilipenda. Kazi yake ilikuwa mtandao wa mitambo. Kamera, ukanda, mkono wa chuma unaochota chupa na kuzipanga, pazia la mwanga linalomlinda binadamu asipondwe na mkono huo. Vyote hivyo husemezana kwa kebo, na kwa vile kebo ni moja na wasemaji ni wengi, lazima awepo wa kuwapangia zamu. Zamu zenyewe ni fupi hata jicho halina habari nazo. Kila ujumbe una mlango wake: mlango unafunguka, ujumbe unapita, mlango unafungwa, unafunguka wa mwenzake. Picha zinaweza kungoja kidogo. Neno la pazia haliwezi. Ndiyo maana kabla ya kila zamu ya pazia ratiba huacha pengo, kebo ikanyamaza kabisa, ili picha ndefu iliyochelewa kumaliza isije ikaziba njia wakati neno hilo linataka kupita.

Pengo hilo ndilo lililokuwa likimwasha. Alilitazama kwenye skrini kama mwenye nyumba anavyotazama chumba kizuri kisicho na mpangaji. Kwa hiyo meneja alipoongeza kamera, na watu wote wakasema haziwezi kuenea, Dakika alizieneza. Aliuhamisha ujumbe wa pazia kutoka njia yake ndefu, iliyozunguka nyuma ya stoo peke yake, akaupitisha njia fupi pamoja na picha. Pengo akalibana likabaki uzi. Alipanga, akapangua, akapanga tena. Alifanya majaribio wiki nzima na hakuna hata ujumbe mmoja uliochelewa. Mafundi walimpigia makofi, naye siku hiyo alirudi nyumbani akiimba.

Halafu tanuri likawashwa, chupa zikaanza kutoka, na juzi mkono wa chuma ukaanza kushtuka. Mkono ule umefundishwa kulisikiliza pazia likisema "hakuna mtu, hakuna mtu," bila kukoma. Ukikosa kulisikia, unasimama wenyewe kwa usalama. Sasa ukawa unasimama ovyo, hewani, umekumbatia chupa, ilhali hakuna hata nzi aliyelikaribia pazia. Meneja alipanda ngazi, jasho linamtiririka, akamwomba atafute namna. Hakumwamuru, alimwomba, na hilo ndilo lililomponza. Namna ilikuwepo. Mkono una subira yake, nayo hupimwa kwa namba; Dakika akaiongeza ile namba, mkono ukawa mvumilivu, mtambo ukatulia. Alisema ni kwa muda tu, mpaka aipate sababu.

Sasa sababu ilikuwa inapita chini yake ikimeremeta.

Aliweka kikombe, akafungua picha mbili kwenye kompyuta, moja ya wiki ile ya majaribio na nyingine ya wakati huo huo. Ya kwanza ilionyesha ukanda mweusi mtupu, kwa maana tanuri lilikuwa halijawashwa na hakuna ambaye angeharibu chupa kwa ajili ya kujaribu kebo. Kompyuta huupenda weusi mtupu. Huukunja ukawa mdogo kama leso ya mfukoni. Picha ya pili ilijaa chupa, kila chupa imejaa mwanga, na mwanga wa namna ile haukunjiki. Uzito wake ulikuwa mwingine kabisa. Alikuwa amewapimia wasafiri njia wakiwa hawajabeba mizigo. Hakuna aliyemdanganya wala kifaa kilichomsaliti. Alikuwa amepima kwa uangalifu wake wote, na alichokipima ni ukanda usio na kitu.

Picha zilikuwa zinamwagika nje ya zamu zao, pengo la kuzipokea halipo, na neno la pazia limepanga foleni nyuma ya picha hizo. Kabla ya juzi, mkono ungelikosa neno hilo ukasimama. Tangu juzi haujali. Na aliyeufundisha usijali ni yeye. Akapiga hesabu: mkono unakwenda kasi gani, neno linaweza kuchelewa kiasi gani. Jibu likaja kama umbali ambao chuma kingeendelea kushuka kabla ya kusimama, naye akauweka mkono wake juu ya meza na kuupima. Shubiri moja. Kisha akakumbuka ni nani anayeingiza mkono pale chupa inapovunjika, akainuka kwa nguvu kiti kikaanguka nyuma yake.

Kaka yake alikuwa fundi wa zamu katika ukumbi huo, mwanamume mpana, mwenye sauti ya kuzishinda mashine na mzaha usiochagua siku. Chupa ikipasuka kwenye ukanda, yeye ndiye mwenye kuondoa vipande: hupitisha mkono kwenye pazia la mwanga, mkono wa chuma ukasimama, akaokota, akatoka, kazi ikaendelea. Wenzake walipenda kutumia koleo refu. Yeye aliingiza mkono wake wenye glovu, na akionywa hujibu kwamba mtambo huu umepangwa na mdogo wake, hauwezi kumuuma.

"Kaka, toka hapo."

"Salamu kwanza," alisema bila kugeuka. "Umeshuka ngazi kama umefukuzwa na nyuki."

"Shikamoo. Toka hapo, nakuomba. Usiingize mkono tena."

"Marahaba." Sasa aligeuka, akamtazama usoni, na mzaha ukampungua. "Kuna nini?"

"Nataka kujaribu kitu kidogo. Nipe ule ufagio."

Aliisikia sauti yake mwenyewe jinsi ilivyokuwa nyembamba. Kaka yake aliuchukua ufagio, akaing'oa brashi yake, akabaki na mpini. Dakika aliponyoosha mkono kuupokea, kaka alimsukuma nyuma kwa kiwiko, polepole, kama alivyozoea kumsukuma tangu utotoni, iwe ni mbele ya jiko lenye moto au mbwa wa jirani.

"Kaa nyuma ya mstari. Vitu vya kuumiza niachie mimi."

Aliupitisha mpini kwenye pazia. Mkono wa chuma ukasimama palepale. Aliutoa, akaupitisha tena; ukasimama tena. "Unaona?" alisema. "Ana adabu huyu kuliko watoto wangu." Akarudia, na safari hii alikuwa ameanza kucheka. Dakika hakuwa akiuangalia mkono. Alikuwa akiangalia ukanda, zilikokuwa zikija chupa zilizobanana, hazina nafasi hata ya kupitisha kidole, nazo zimelipokea jua lote la dirishani.

"Sasa," alisema.

Mpini ukapita kwenye pazia. Mkono wa chuma ukaendelea kushuka. Ulishuka kwa mwendo wake uleule wa kila siku, bila hasira wala haraka, mpini ukalia ko! ukavunjika, na ndipo mkono ukasimama, kwa adabu zake zote, chupa zimetulia katika vidole vyake vya mpira. Kipande cha mpini kiliangukia ukandani kikabebwa taratibu katikati ya chupa. Mtu mmoja upande wa pili akabonyeza kitufe chekundu, ukumbi ukanyamaza.

Kaka yake alibaki ameshika kipande kilichosalia. Alikitazama pale kilipokatikia, akakipima kwa macho na kiganja chake.

"Tangu lini?"

"Juzi mchana."

"Jana niliingiza mkono."

"Najua."

"Si mara moja."

"Najua, kaka."

"Ulijua jana?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akilikimbia chumba hadi chumba, tangu mezani kwa wifi yake hadi dirishani pa ofisi.

"Sikujua kama ni hivi. Lakini juzi niliufanya usubiri zaidi, na nilikuwa sijui kwa nini unasimama. Sikukwambia. Nilisema nitakwambia nikishaijua sababu."

Alitaka afokewe. Angefokewa angelia, angeomba radhi, na mambo yangerudi mahali pake. Kaka yake hakufoka. Alivua glovu, akaukunja na kuukunjua mkono wake kana kwamba anauchagua dukani, kisha akasema, "Haya," neno hilo moja tu, akaitia mikono yote miwili kwenye mifuko ya ovaroli. Dakika aliona ni afadhali angempiga kibao.

Meneja alikuja mbio mbio, amekwisha vaa suti ya wageni. Alisikiliza mpaka mwisho, na hakuwa mtu mbaya; rangi ilimtoka usoni alipouona mpini. Lakini mtu anayetafuta pa kutokea hupaona upesi.

"Tufanye hivi," alisema. "Leo tunaweka utepe kuuzunguka mtambo. Hakuna atakayesogea, hakuna atakayeingiza hata ukucha. Chupa ikivunjika, tunazima mtambo mzima. Wageni wakishaondoka unarudisha kila kitu kama zamani. Ni leo tu. Kuna ubaya gani?"

Lilikuwa shauri la mtu mzima, lenye mantiki, na ndiyo maana lilimtisha Dakika. Utepe ungezuia watu. Kitufe kingezima mtambo. Alimgeukia kaka yake, akitamani aseme neno, akatae kwa ile sauti yake ya kushinda mashine. Kaka yake alikuwa anatazama chupa zilizosimama ukandani. Hakuwa amenuna. Alikuwa anangoja kusikia, kama mtu mwingine yeyote pale ukumbini, mdogo wake atasema nini.

"Juzi nami nilisema ni kwa muda," Dakika alisema. "Siwezi kulisema tena."

"Ukirudisha, kamera hazitapata nafasi."

"Nusu itabidi zizimwe."

"Ndizo wanazokuja kuziona!"

"Watakuta nusu."

Meneja alijishika kiuno, akaangalia dari, akaangalia saa. "Basi utawaeleza wewe. Kwa mdomo wako."

"Nitawaeleza."

Alipanda ofisini akiruka vidato. Alilirudisha neno la pazia kwenye njia yake ndefu ya nyuma ya stoo. Akaurudisha mkono kwenye ukali wake wa mwanzo. Akazizima kamera mojamoja, na kila moja ilipokufa kwenye skrini alihisi kama anang'oa mche alioupanda mwenyewe. Mwisho akalipanua pengo mpaka likafikia upana wake wa zamani. Asidhani mtu kwamba sasa alilipenda. Bado lilimwasha. Kidole chake kilitaka kulipunguza kidogo, kidogo tu, aokoe walau kamera moja, na ilimbidi auondoe mkono kwenye kibodi na kuukalia kama mtoto.

Walijaribu tena, ukanda umejaa pomoni na jua liko utosini mwa madirisha. Dakika aliushika mpini mpya mwenyewe. Mkono wa chuma ukasimama, ukasimama, ukasimama. Walirudia mpaka bega likamuuma, na haukukosea hata mara moja. Kaka yake aliangalia kwa mbali, ameegemea nguzo. Alipoulizwa na mwenzake kama ameridhika, alisema ameona.

Wageni walikuja wamevalia kofia ngumu zilizowapwaya, wakasimama nyuma ya mstari wa njano. Nusu ya skrini kubwa ya ukutani ilikuwa nyeusi. Dakika alipiga moyo konde akaanza kueleza, na alieleza vibaya. Alianzia katikati, akarudi nyuma, akataja milango na zamu na mapengo mpaka akawaona wawili wakitazamana. Ndipo akasema alichopaswa kukisema mwanzo: kwamba mtambo ungeweza kumjeruhi mtu, kwamba kosa ni lake, na kwamba aliupima ukanda usio na chupa akadhani ameupima ukanda.

Mgeni mmoja, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliuliza kwa upole. "Na sasa umeupimaje?"

"Ukiwa umejaa. Na jua likiwa kali."

"Na kama kuna jambo jingine ambalo hujalipima?"

Dakika alifungua kinywa. Meneja alikohoa. Swali lilikuwa la haki, na jibu lake la kweli halikuwa la kumwambia mteja. "Litakuwepo," alisema mwishowe. "Ndiyo maana mkono ukitilia shaka chochote, unasimama. Leo mtauona unasimama. Tafadhali msihesabu kuwa ni ubovu."

Mgeni alikuwa bado anatafakari hilo chupa ilipopasuka.

Haikuwa kishindo, ni mlio mdogo mkavu, halafu vipande vikasambaa ukandani chini ya mkono wa chuma, nao ukaendelea kwenda na kurudi juu yake. Watu wote waligeuka kumtazama fundi. Kaka yake alitoka kwenye nguzo, akavaa glovu, akaenda kwa hatua zake za siku zote hadi mbele ya pazia. Aliuinua mkono wake. Mkono ulifika karibu na zile taa ndogo nyekundu, ukabaki hapo.

Hakuna aliyejua kwa nini isipokuwa Dakika. Wageni walidhani anapima mahali pa kushika. Chupa zilipita, vipande vilisogea, na yule mtu ambaye hajawahi kuogopa jiko wala mbwa alikuwa amesimama na mkono hewani. Akageuza kichwa akamtafuta mdogo wake. Macho yake hayakuwa na lawama. Ingekuwa lawama angejua la kufanya. Yalikuwa yanamuuliza.

Dakika alitaka kuitikia kwa kichwa. Ilikuwa rahisi, kidevu chini, kidevu juu. Shingo ilikataa. Alijua hesabu zake ziko sawa. Juzi pia alijua.

Alivuka mstari wa njano. Alisikia meneja akimwita kwa sauti ya chini, hakugeuka. Alisimama kando ya kaka yake, karibu kiasi cha kunusa grisi ya nguo zake, akasema, "Nipe glovu."

Kaka yake alimtazama, kisha akaivua akampa. Ilikuwa kubwa, ina joto, na vidole vya Dakika havikufika mwisho wa vidole vya glovu. Mbele yake mkono wa chuma ulishuka, ukainuka, ukashuka. Dakika alijisogeza hadi kwenye taa nyekundu na, pasipo kukusudia, mwili wake ukajiandaa kusukumwa nyuma na kile kiwiko.

Hakikuja.

Basi aliingiza mkono. Juu yake kitu kizito kilikatiza mwendo, chupa zikagongana mara moja katika vidole vya mpira, kukawa kimya. Hakuinua macho kukiangalia. Aliokota kipande cha kwanza, kile kikubwa cha shingo, akakiweka kwenye ndoo, akarudi kuokota cha pili. Vidogo vilikuwa vingi, vimetapakaa hadi kule mbali kabisa, na ili kuvifikia ilimbidi ainame na kuingia mpaka bega.

"Kuna kingine kule nyuma," kaka yake alisema, taratibu, karibu na sikio lake. "Hicho hapo. Endelea."